Ya Mkuu Kwanza

Nilipata kazi ya kuwafundisha walimu mfumo wa kujifunzia mtandaoni kwa sababu niliwahi kuandika makala ya kuusifu. Sikuwa nimeutumia. Niliusifu kama mtu anavyosifu mji aliousikia redioni. Makala ikatoka gazetini, mtu mmoja wa mradi akaisoma, akanipigia simu na kuniita mtaalamu. Nami, badala ya kukanusha, nikauliza mafunzo yanaanza lini.

Mke wangu, ambaye ndiye hunifungulia picha za harusi zinazotumwa kwenye kundi la ukoo, aliyasikia mazungumzo yale akiwa jikoni.

"Wewe unakwenda kufundisha walimu kompyuta," alisema. Hakuwa anauliza. Alirudia tu, kama mtu anayesikiliza tangazo la msiba mara ya pili ili ahakikishe jina.

Nilikuwa na majuma matatu ya kujifunza kile ambacho ningekwenda kukifundisha kwa siku tano. Nikajifungia sebuleni kwetu Kihesa na mwongozo wa kurasa mia na ushee, nikausoma kama nilivyozoea kusoma riwaya, yaani nikipigia mstari sentensi nzuri. Hazikuwa nyingi. Lakini nilitoka na msamiati: moduli, jaribio, jukwaa la majadiliano, ubao wa maendeleo. Ukishayajua maneno ya fani, watu hawakuulizi mengine. Hilo nililijifunza chuo kikuu, na lilinifaa miaka yote hadi nilipofika Mbeya.

Tulikutana katika maktaba ya shule moja ya sekondari jijini, mwezi wa sita, katika ile baridi ambayo wenyeji hawaisemi kabisa na wageni hatusemi kingine. Walimu walikuwa arobaini na kidogo, wamevaa makoti, kila mmoja na kishikwambi chake alichopewa na serikali, vingine bado vina karatasi laini ya kiwandani juu ya kioo. Ratiba yangu ilisema saa mbili na nusu hadi saa tatu: kufungua akaunti. Tulifungua akaunti mpaka kesho yake saa nane mchana.

Kikwazo kilikuwa barua pepe. Kila mwalimu alikuwa na anwani, maana siku hizi huwezi kuomba ajira bila kuwa nayo, lakini karibu nusu yao hawakuwahi kuifungua wenyewe. Walifunguliwa na mtu wa steshenari siku ile ya kuomba kazi, akaandika neno la siri kwenye daftari lake, na daftari likabaki hukohuko. Mwalimu mmoja kutoka Makongolosi alinieleza jambo hili kwa utulivu ambao nusura uniue.

"Neno la siri lipo, mwezeshaji. Halijapotea."

"Liko wapi?"

"Liko steshenari."

"Basi mpigie mwenye steshenari akusomee."

"Yule aliacha steshenari. Siku hizi anachimba dhahabu. Yuko shimoni mpaka jioni."

Kwa hiyo mafunzo ya teknolojia ya kisasa, yaliyotayarishwa kwa muda mrefu na watu waliosoma, yalisimama kumngoja mtu apande kutoka shimoni Makongolosi. Alipopanda, akapigiwa, akakumbuka bila hata kutafuta daftari. Neno la siri lilikuwa jina la steshenari yake. Ndilo alilompa kila mteja. Walimu wengine wanne waliosikia mazungumzo yale wakainamia vishikwambi vyao kimya kimya, wakaingia.

Siku ya pili ndipo nilipomfahamu mkuu wa shule kutoka Chimala. Mradi ulitaka wakuu nao wasome, wasiwe watu wa kutuma tu. Huyu alikuwa mzee mpole, amebakiza mwaka na miezi kadhaa kustaafu, na alikuja na walimu wake watano wakakaa meza moja kama familia iliyosafiri pamoja. Alinyoosha mkono kwa adabu, akangoja nimruhusu, ingawa ni mimi niliyepaswa kumwamkia.

"Mwezeshaji, mwalimu akishajibu humu ndani, mimi ninagonga muhuri wapi?"

"Hakuna muhuri, mkuu. Mfumo unatunza kumbukumbu wenyewe."

"Sawa. Lakini nitajuaje kwamba ni yeye aliyejibu?"

Nikamweleza kwamba kila mtu ana neno lake la siri asilolijua mwingine, na kwamba hilo ndilo linalothibitisha. Alinisikiliza vizuri sana. Akanishukuru. Kisha akamgeukia mwalimu pekee wa kike katika meza yao.

"Madam, hebu yaandike maneno yetu ya siri yote pamoja mahali pamoja, yasije yakapotea."

Madam akafungua kaunta buku, akapiga mstari kwa rula, akaandika majina sita kwa mpangilio wa vyeo na mbele ya kila jina neno la siri, kwa mwandiko mzuri kuliko wote nilioona wiki ile. Niliona. Nilipaswa kusema kitu papo hapo. Lakini chai ilikuwa imeletwa, na mandazi ya Mbeya hayangoji mtu.

Kwenye chai hiyohiyo madam alinifuata. Alikuwa mwalimu wa Jiografia, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, na alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwezeshaji. Nimesikia unatokea Iringa."

"Marahaba. Kihesa."

"Mume wangu yuko hapohapo Kihesa, na watoto wetu wawili. Mimi niko Chimala mwaka wa sita sasa."

Aliniambia kwamba ameomba uhamisho mara nne, na mara zote nne barua imerudi na jibu lilelile: hakuna wa kuziba nafasi yake. Alitafuta mwalimu wa kubadilishana naye kituo, akampata mmoja, naye akabadilisha mawazo baada ya kuja kuliona joto la Chimala mwezi wa kumi na moja. Watoto anawaona likizo.

"Yule mdogo nikifika huwa ananiita shangazi," alisema. "Mpaka akumbushwe."

Yeye akaendelea, maana hakuwa amekuja kulalamika. Alikuwa amesoma tangazo la mradi lililobandikwa mlangoni, lile ambalo wengine walilipita wakielekea msalani. Lilisema kwamba mshiriki mmoja wa kundi la Mbeya atakayekamilisha moduli zote kumi na mbili kwa alama za juu kuliko wenzake atachukuliwa kuwa mkufunzi msaidizi kwenye kituo cha Iringa, na taratibu za uhamisho zitashughulikiwa na mradi. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ya sita, saa sita mchana.

"Hilo ni la kweli, au ni maneno ya semina?"

"Ni la kweli."

"Basi nitaipata," alisema.

"Utaipata," nikasema mimi, ambaye sikuwa na mamlaka hata ya kuongeza mandazi mezani.

Siku ya tano niliwasomea kanuni. Ya nne ilisema kila mshiriki atafanya kazi yake mwenyewe, na akaunti zitakazobainika kutumiwa na mtu mmoja zitafutwa zote. Niliisoma mara mbili na kuifafanua. Vichwa arobaini vikatikisika, nikaridhika. Nimekaa na walimu maisha yangu yote. Nilipaswa kujua kwamba mwalimu hutikisa kichwa ili kumsaidia anayezungumza amalize.

Nikarudi Iringa, nao wakarudi mashuleni kwao. Kazi yangu kwa wiki sita ikawa kukaa sebuleni na kuutazama ubao wa maendeleo, ukurasa wenye majina ya washiriki na mbele ya kila jina mstari unaogeuka kijani kadiri moduli zinavyokamilika. Wiki ya kwanza hakuna kilichogeuka. Walimu wa mjini walinitumia ujumbe kwamba mtandao unasumbua. Wa Makongolosi walisema umeme. Mmoja alisema anafuga kuku na ni msimu wa chanjo, na huyo nilimheshimu kwa kuwa hakumsingizia mtu.

Wiki ya pili Chimala ikaanza kuota majani. Mkuu wa shule alikamilisha moduli ya kwanza kwa alama zote. Kesho yake ya pili, alama zote. Kufikia Jumapili alikuwa amemaliza kumi na mbili bila kukosea swali hata moja. Nilimwita mke wangu aje aone.

"Mzee anayekaribia kustaafu," nilimwambia. "Hebu fikiria."

"Ni yule aliyeuliza muhuri?"

"Watu hubadilika."

"Kwa wiki moja?"

Nilikuwa nimeshaanza makala. Aya mbili za mwanzo bado ninazo, na zinasema kwamba umri si kizuizi cha maarifa mapya, pamoja na mambo mengine ninayoyaonea haya.

Wiki ya tatu akamaliza makamu wake, naye kwa alama zote. Kisha mwalimu wa taaluma. Kisha mwalimu wa nidhamu. Wiki ya tano na mwanzo wa ya sita zikawa za mwalimu wao mzee wa Historia, ambaye kule Mbeya nilimwona kwa macho yangu akikishika kishikwambi juu chini siku mbili. Kwa wiki zote hizo mstari wa madam ulibaki mweupe. Nilimpigia simu.

"Madam, mbona hujaanza?"

"Nimeanza, mwezeshaji. Naendelea vizuri kabisa."

"Mimi hapa sioni kitu."

"Kitaonekana," alisema, na nyuma yake nikasikia kengele ya kipindi.

Kilionekana Alhamisi ya wiki ya sita. Moduli sita kwa siku moja, alama zote. Ijumaa asubuhi mapema zikawa tisa. Kisha mstari ukasimama. Nilikaa mbele ya ukurasa ule kama mtu anayetazama mpira dakika za mwisho, nikiubonyeza upya kila baada ya muda. Saa nne, tisa. Saa tano, tisa. Saa sita kamili mfumo ukajifunga, na mbele ya jina lake kukaandikwa: hajakamilisha. Juu kabisa, wa kwanza katika kundi zima, alikaa mkuu wa shule.

Jumatatu nilipanda basi. Kabla ya kuondoka nilifanya kile ambacho mwezeshaji makini angekifanya wiki ya pili: nilifungua kumbukumbu za kuingia. Hazikuhitaji utaalamu. Kishikwambi kimoja kilikuwa kimefungua akaunti sita, moja baada ya nyingine, kuanzia ya mkuu na kushuka kwa vyeo, kwa mpangilio uleule wa kaunta buku. Kutoka Iringa mpaka Makambako nilikuwa na hasira na madam. Kutoka Makambako mpaka Igawa nilikuwa na hasira na mkuu. Nilipoteremka Chimala, kati ya viroba vya mchele na wanawake wanaopepeta, nilikuwa nimekumbuka yale mandazi.

Mkuu alinipokea ofisini kwake kwa furaha. Alidhani nimekuja kuwapongeza. Aliagiza soda. Nilimwomba amwite madam, akaitwa, akasimama karibu na mlango mpaka nilipomwomba akae. Nikawaeleza nilichokiona. Mkuu alinisikiliza kwa makini yake yaleyale ya Mbeya.

"Sasa tatizo liko wapi?" aliuliza. "Kazi si imefanyika? Yote."

"Ilitakiwa kila mtu afanye yake, mkuu. Mlikuwa na vishikwambi sita."

"Vitano vimo kabatini, salama." Akanionyesha funguo. "Ile ni mali ya serikali. Kikivunjika naulizwa mimi. Kimoja nikampa madam, maana shughuli za kuandika hapa ni zake. Ripoti za wanafunzi anaandika yeye, mihtasari ya vikao yeye, barua za wilayani yeye. Mwandiko wake unasomeka."

"Huu si mwandiko, mkuu."

"Ndiyo, lakini ni hayohayo."

Nikamgeukia madam. Nilijitahidi sauti yangu isiwe ya mtu aliyeketi kwenye basi saa nyingi.

"Kwa nini hukuanza na ya kwako?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la aibu mbele ya watu.

"Ningeanzaje na ya kwangu, mwezeshaji, wakati ya mkuu haijaguswa?"

"Ungeanza tu. Nani angejua?"

"Wewe unapakua chakula, unajipakulia wewe kwanza, halafu ndiyo baba mkwe?"

Nina shahada mbili, na nyumbani kwangu sijawahi kumwona anayepakua akijipakulia kwanza. Wala sijawahi kuinuka nikapakua mimi. Akanieleza hesabu yake, na ilikuwa hesabu nzuri. Ya mwalimu wa Historia angeimaliza Jumatano. Alhamisi na Ijumaa asubuhi zingemtosha kwa yake, kwa kuwa majibu yote alishayajua kichwani. Alama zingelingana, lakini kati ya wale watano hakuna ambaye angekubali kuhama, kwa hiyo nafasi ingemfikia yeye. Ijumaa saa tatu kasoro mtandao ukakatika Chimala nzima. Ulirudi saa saba.

"Mama," mkuu alisema taratibu, "kwani na wewe ulikuwa na haraka nayo?"

"Ndiyo ingenipeleka Iringa, mkuu."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia. Ulisema tumalize kwanza yako, tusije tukaaibika wilayani."

Mkuu akashika soda yake asiinywe. Barua zote nne za uhamisho alizisaini yeye. Baada ya muda akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kutokea, kwamba sasa kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza, hiyo nafasi ya Iringa inamwangukia nani. Nikamwambia inamwangukia yeye.

"Iringa nikafanye nini?" alisema. "Mimi nina mpunga wangu hapa."

Madam alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amelifikiria jambo lake kuliko mimi, na alilisema kwa maneno machache.

"Mwezeshaji, naomba usiandike kitu. Mkuu wakimwita atakataa, basi. Mimi tisa zangu zitabaki mle. Awamu ijayo nitamalizia tatu."

"Niache nifikiri."

"Usifikiri sana," alisema.

Nilifikiri sana. Nilianza kuandika kichwani kabla basi halijafika Igawa. Niliona wazi kwamba ukweli, ukiandikwa vizuri, ungemwokoa. Watu wa mradi walikuwa wasomi. Wangeona kwamba mwanamke huyu hakudanganya kwa faida yake. Kwamba ameimaliza kozi ile mara tano na robo tatu, na hakuna mtu nchini anayeijua kama yeye, pamoja na walioitunga. Niliandika kurasa nne. Nilieleza desturi ya kupakua chakula. Nilitia methali mbili, na katika ukurasa wa tatu kuna aya kuhusu maana ya utumishi ambayo, nikiisoma leo, bado naiona ni nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nikaituma, nikajisikia mtu mwema kwa siku mbili kamili.

Jibu lilikuwa mstari mmoja. Walinishukuru kwa kubaini udanganyifu, na akaunti zote sita zimefutwa kwa mujibu wa kanuni ya nne.

Nilipiga simu. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye heshima zake.

"Shikamoo mzee. Ile ripoti tumeipata, asante sana."

"Mliisoma yote?"

"Tulisoma ukurasa wa kwanza, mzee. Ulitosha."

"Jambo lenyewe liko ukurasa wa tatu."

"Ndiyo, lakini kwenye wa kwanza umeandika akaunti sita zimetumiwa na mtu mmoja. Tulipofika hapo hatukuwa na namna."

Nilimwomba arudishe akaunti moja tu. Alisema mfumo ukishafuta haurudishi. Nilimuuliza ni nani aliyeupangia hivyo, akasema hajui, ila anaweza kunifungulia malalamiko na nitapewa namba. Bado ninayo hiyo namba. Nafasi ya Iringa ikachukuliwa na mwalimu mmoja wa Mbeya mjini, mtu mwenye nyumba yake na mke wake hapohapo Mbeya, ambaye alinipigia kuuliza kama ni lazima aende.

Kisha ikabidi nimpigie madam. Aliitikia akiwa uwanjani, nilisikia wanafunzi.

"Na zile tisa zangu?" aliuliza nilipomaliza.

"Nazo."

"Nilikuomba usiandike."

"Nilidhani kwamba wakielewa…"

"Najua ulidhani. Haya, mwezeshaji. Asante kwa taarifa. Nina kipindi."

Sikumlaumu kwa kukata simu. Nilijilaumu mwenyewe, lakini nikilaumu na mfumo, mradi, mtandao wa Chimala na yule mchimba dhahabu, ili lawama zisinilemee. Mke wangu alinisikiliza jioni mbili. Ya tatu akaniuliza kama madam aliniomba msaada, au aliniomba ninyamaze. Nikasema aliniomba ninyamaze. Akaendelea kuchambua maharage.

Aliyefanya la maana alikuwa mkuu. Bila kumwambia mtu aliandika barua kwa mkono wake, nadhani kwa mara ya kwanza katika miaka sita, akasema kwamba yeye ndiye aliyeamuru kazi ifanywe vile, mwalimu alitii, na kama kuna wa kuadhibiwa basi ni yeye, ila wafanye haraka kabla hajastaafu. Mistari mitano. Walioisoma waliimaliza. Hawakuweza kurudisha akaunti, lakini walikubali madam ajisajili upya kwenye kundi la Iringa, mafunzo ya likizo ya mwezi wa kumi na mbili, kuanzia moduli ya kwanza. Kundi hilo nalo lilikuwa na nafasi moja ya mkufunzi msaidizi. Nilimtumia madam ujumbe wa kumweleza. Alijibu: nimepata. Sikujua kama amepata ujumbe au amepata matumaini, na sikuthubutu kuuliza.

Alikuja. Asubuhi ya kwanza alikaa safu ya mbele, na mume wake alikuwa amemsindikiza mpaka getini akiwa na watoto wote wawili. Tulisalimiana kama watu waliowahi kukutana msibani. Nilisoma kanuni, safari hii nikaanza na ya nne, nikaisoma polepole bila ufafanuzi wowote. Vichwa vikatikisika. Tukafungua akaunti, jambo lililotuchukua mpaka saa kumi, na mimi sasa nikiwa mtu mzima wa kuuliza tangu mwanzo: barua pepe yako ulifunguliwa na nani, steshenari gani?

Asubuhi ya pili kila mtu alianza moduli. Ya kwanza inaitwa Kukifahamu Kifaa Chako. Ina video ya dakika kumi na moja inayoonyesha kidole kikibonyeza kitufe cha kuwashia, na haikubali kurukwa. Madam aliitazama kwa mara ya saba katika maisha yake, mikono juu ya meza, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi.

Kando yake alikuwa ameketi mwalimu mmoja mzee kutoka vijijini huko Kilolo, mtu mchangamfu aliyekuwa amewaamkia watu wote chumbani kwa Kihehe, kamwene huyu, kamwene yule, mpaka aliyeleta maji. Nusu saa ilipita. Nilimwona akimtazama madam anavyobonyeza, haraka, bila kusita, moduli ya pili, ya tatu. Kisha akakitelezesha kishikwambi chake juu ya meza, taratibu, mpaka kikagusa kiwiko cha madam.

"Mwanangu, hebu nisogezee na mimi hapa. Macho yangu hayaoni haya maandishi."

Madam aliacha kubonyeza. Alikitazama kile kishikwambi, akamtazama mzee, na nikauona mkono wake ukitoka kwenye kazi yake na kwenda kwenye ya mzee, bila yeye kuutuma, kama mkono unavyokwenda kupokea mzigo wa mtu mzima mlangoni. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Kumwambia mzee hapana, mbele ya watu, lilikuwa jambo ambalo madam asingeliweza, na nilijua kwa sababu nami nilikuwa nimesimama pale nisiliweze.

Nilizipiga zile hatua tatu nikakichukua kishikwambi kabla hajakishika.

"Lete, baba. Nitakusaidia mimi."

"Wewe si ndiye mwalimu wetu?"

"Ndiyo."

"Basi bonyeza taratibu," alisema, akanisogezea kiti.

Madam alirudi kwenye moduli yake ya nne. Mimi nikaketi kati yao, nikavaa miwani, nikaandika jina la mzee, nikaandika neno lake la siri alilonitajia kwa sauti iliyosikika mpaka safu ya nyuma, na nikafanya kosa lilelile nililoliandikia kurasa nne. Swali la kwanza lilikuwa jepesi, nikalijibu. La pili mzee mwenyewe, kwa macho yaleyale yasiyoona, alilisoma kwa sauti, akifuatisha kwa kidole, pamoja na majibu yake manne. Nikafikiri, nikabonyeza la pili. Kikatokea kialama chekundu.

"Ni jibu la tatu, mwezeshaji," alisema madam, bila kuinua macho.